Chaneli Haifii Juu ya Bati

Swali ni lile lile, kuanzia Masasi mjini hadi Newala: chaneli ya kesi na mauaji ilikuwepo, sasa haionekani, dishi ligeuziwe wapi? Lisigeuzwe. Wapo wanaoapa kwamba miamba ya Masasi au ukingo wa uwanda wa Makonde unakinga mawimbi. Dishi la DStv hutazama setilaiti iliyo nyuzi 36 mashariki, na kwa aliyeko Newala hiyo iko karibu utosini, zaidi ya nyuzi 70 juu ya upeo wa macho. La Azam huelekea magharibi, kwenye setilaiti iliyo longitudo ya nyuzi 7 mashariki, lakini nayo imepanda nyuzi 50 hivi. Mwamba wa kuiziba ungepaswa kuota uani kwako. Tena dishi likisogea kweli, zinapotea chaneli nyingi kwa mkupuo. Haliwezi kuchagua wauaji na wapelelezi peke yao likaacha mpira na taarifa ya habari. "Mbona kwa jirani fundi aligeuza ikarudi?" Kwa sababu katika kugeuza alikizima king'amuzi, akakiwasha na kutafuta chaneli upya, kazi ambayo rimoti huifanya bure. Hela za korosho zinaliwa na spana.

Chaneli hufia ofisini. Court TV ya Marekani, iliyoanzishwa na Steven Brill, ilianza Julai 1991 kurusha kesi moja kwa moja kutoka mahakamani. Kesi ya O.J. Simpson, nyota wa michezo aliyeshtakiwa kwa mauaji, iliipaisha mwaka 1995, na hukumu ilipotoka watazamaji wakapungua, maana mshtakiwa wa aina ile hapatikani kila msimu. Brill akaondoka 1997. Waliofuata wakajaza muda kwa tamthilia za polisi zilizokwisha kuonyeshwa kwingine. Mwaka 2006 Time Warner ikanunua nusu iliyokuwa ya Liberty Media, na tarehe 1 Januari 2008 jina likafutwa, ikaitwa truTV. Mwaka 2019 kampuni nyingine ikalifufua jina hilo. Utasema hiyo ni Marekani. Haya, Agosti 2018 hapa kwetu Azam, DStv na Zuku ziliondoa chaneli za ndani za bure, ITV ikiwemo, kwa mvutano wa masharti ya leseni na mamlaka ya mawasiliano, TCRA. Mawimbi yalikuwa mazima, madishi yalikuwa sawa, na hakuna fundi aliyeirudisha ITV kwenye ving'amuzi hivyo kwa kupanda juu ya bati.

Basi fanya hivi. Tafuta chaneli upya. Soma maandishi kwenye kioo: kwa DStv, E16 ni habari ya malipo au kifurushi, E48-32 ni mawimbi, hapo kagua waya na subiri mvua ipite. Nyingine zikionekana, piga huduma kwa wateja, uliza kama chaneli imehamishiwa kifurushi kingine au mkataba umekwisha. Mkataba ukiwa umekwisha, hakuna kadi wala namba ya siri itakayofungua kitu kisichorushwa. Tazama chaneli nyingine, au zitafute kesi hizo YouTube. Fundi asilipwe hata senti kabla ya simu hiyo.