Bagamoyo: Watoto Wetu Warudi na Nini?

Kila shule zinapofungwa, wazazi wengi wa Dar es Salaam huwapeleka watoto wao Bagamoyo, mwendo wa kilomita zipatazo 70. Wengi huishia ufukweni: wakaoga, wakala samaki, wakarejea. Si vibaya, kwani kuipumzisha nafsi kwa njia ya halali ni neema. Lakini Qur'ani Tukufu inatuhimiza tutembee katika ardhi na kuzingatia habari za waliotutangulia, na mji huu una habari ambazo mtoto wa Kiislamu hapaswi kuzikosa. Kamati ya msikiti wetu ilipowapeleka huko wanafunzi wa madrasa pamoja na wazazi wao, tuliona jinsi siku moja inavyoweza kuwa darasa.

Kaole: mihrabu ya kale

Tulianzia Kaole, kiasi cha kilomita tano kusini mwa mji. Hapo yamesalia magofu ya misikiti miwili na makaburi ya kale, yote ya mawe ya matumbawe na chokaa. Msikiti mkongwe zaidi unakadiriwa kuwa wa karne ya 13, zamani sana kabla ya Wareno kufika pwani hii mwaka 1498. Baadhi ya makaburi yana nguzo ndefu, ambazo hapo kale zilipambwa kwa mabakuli ya kaure kutoka China. Mikoko iliiziba bandari yao, na shughuli zikahamia Bagamoyo. Mtoto akisimama mbele ya mihrabu ile anafahamu kwamba Uislamu si mgeni wa juzi katika ardhi hii.

Wapo wanaofika kwenye kaburi liitwalo la Sharifa kuweka nadhiri. Tuliwaeleza watoto kwa upole: waliolala hapa tunawaombea dua, hatuwaombi wao. Tukawaonya pia wasipande juu ya kuta wala makaburi. Wafu wana heshima yao, na mawe hayo yakimomonyoka hayarudi.

Mji mkongwe na swali gumu

Mjini tuliiona Ngome Kongwe ya mwaka 1860, Boma la Wajerumani la mwaka 1897, na milango ya nakshi. Hapa ndipo ilipofika misafara kutoka Ujiji na Tabora, ikileta pembe za ndovu na watumwa. Binti mmoja akauliza, "Ustadhi, waliowauza walikuwa Waislamu?" Wazazi wakatazamana.

Jibu letu lilikuwa ndiyo. Walikuwamo watawala wa bara, wanunuzi wa Ulaya, na wenye mashamba ya karafuu Unguja. Lakini walikuwamo pia Waislamu waliofanya biashara hiyo huku wakisimamisha swala tano. Dini yetu imeufanya uachaji huru wa mtumwa kuwa ibada na kafara. Aliyemteka mwana wa mtu na kumgeuza bidhaa alikwenda kinyume na roho ya mafundisho hayo. Sultani Barghash alifunga masoko ya watumwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukapigwa marufuku Tanganyika mwaka 1922. Tukiwaficha watoto habari hizi, watazisikia kwingine, kwa ulimi usiotutakia heri.

Sheikh Ramiya

Na jibu halikuishia hapo. Katika mji huohuo aliishi Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya. Alitekwa akiwa mtoto huko Kongo, akaletwa Bagamoyo, akalelewa kama mtumwa katika nyumba ya ukoo wa Al-Lamki. Alisoma, akafanya biashara ya samaki, akafungua madrasa, na hatimaye akawa khalifa wa tarika ya Qadiriya. Hadi alipofariki mwaka 1931, watu wa kila nasaba walikuwa wakikaa mbele yake kujifunza. Aliyeingia mjini kama mali ya mtu alitoka duniani akiwa mwalimu wa mji.

Mwenye siku ya pili na aende kaskazini hadi Saadani, kwenye hifadhi ya taifa inayopakana na bahari. Wengi huenda kutazama tembo na twiga. Wachache hukumbuka kwamba hapo Bwana Heri aliongoza watu wake kuwapinga Wajerumani mwaka 1889.

Nasaha kwa wazazi

Ondokeni alfajiri ili Kaole muitembee kabla ya jua kali. Chukueni mwenyeji wa kuwaongoza, na swala ya adhuhuri mwiswali katika msikiti mmojawapo wa mjini pamoja na wenyeji. Ufuko uwe wa mwisho. Mkishafika nyumbani, mwulizeni kila mtoto jambo moja alilojifunza kwa Sheikh Ramiya. Akiweza kulieleza kwa maneno yake, nauli yenu haikupotea.