Moshi wa Lehemu na Mikono ya Fundi

Fundi wa simu au redio anapong'oa kipuri kwenye bodi ya saketi, huyeyusha lehemu kwa chuma cha moto, kisha huifyonza kwa pampu ndogo ya mkono. Wengi hudhani moshi unaopanda ni wa risasi. Sivyo: lehemu ya bati na risasi huyeyuka kwenye takriban nyuzi 183 za Selsiasi, joto lisilotosha kuigeuza risasi kuwa mvuke. Moshi hutokana na utomvu wa msonobari unaosaidia lehemu kushika, nao waweza kuleta pumu. Mgonjwa anayebanwa kifua siku za kazi na kupata nafuu mapumzikoni aulizwe kazi yake. Risasi, kwa upande wake, hupitia kinywani, kwa mikono iliyomwaga taka za pampu ikashika chapati bila kuoshwa kwa sabuni.