Nibu 18,000 kwa Siku

Likifunguliwa Kiwangwa, wilayani Bagamoyo, sanduku la bati la babu aliyewahi kuwa karani au mwalimu, zikatoka nibu za kalamu ya kuchovya, watu huuliza bei kwanza. Jibu linaudhi: nibu moja ya kawaida huenda isifikie hata bei ya nanasi la hapo hapo Kiwangwa. Tatizo ni wingi wake.

Katikati ya miaka ya 1860 viwanda vya Birmingham, Uingereza, vilitoa karibu grosi 98,000 kwa wiki. Grosi ni 144. Zidisha, utapata nibu zaidi ya milioni 14 kila wiki, mji mmoja tu. Wafanyakazi wengi walikuwa wanawake, na mmoja wao, kwa mashine ya mkono, aliweza kukata vipande 18,000 kwa siku. Tuseme karani wa boma la Bagamoyo alimaliza nibu moja kwa wiki, maana wino wa zama zile ulikula chuma. Kazi ya siku moja ya mama yule ingemtosha miaka 346! Ndiyo sababu bidhaa iliyoanza kwa shilingi nzima ya Kiingereza kwa kipande ilishuka hadi peni chache kwa grosi.

Basi umri peke yake haulipi. Kinacholipa ni boksi ambalo halijafunguliwa, toleo adimu, na chuma kisicho na kutu; na kwa hewa yetu ya pwani, hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote.

Kuitambua nibu, igeuze mgongoni, uielekeze kwenye mwanga. Maandishi yaligongwa chuma kikiwa bado laini, kabla ya kufanywa kigumu kwa moto, kwa hiyo mara nyingi husomeka hata rangi ikishaondoka: jina la kiwanda, pengine mji, na namba ya toleo. Joseph Gillott yenye 303, kwa mfano, ni ya ncha nyembamba sana. Ukikuta Soennecken au Brause, hiyo ni ya Ujerumani. Ila usikimbilie kusema ni ya kabla ya 1916, Waingereza walipoiteka Bagamoyo kutoka kwa Wajerumani: viwanda hivyo viliendelea kutengeneza nibu miaka mingi baada ya hapo. Tarehe itafute kwenye boksi, au kwenye karatasi zilizokaa nayo sandukuni.