Kwa nini mwimbaji 'hutoboka' katika video

KWAYA ya mtaa wa Langas, jijini Eldoret, yaweza kujichanga kwa miezi kadhaa ili irekodi video, kisha ikabidhiwa kazi ambamo mlima unaonekana kupitia kifuani mwa mwimbaji.

Kasoro hiyo huzikumba studio nyingi zinazorekodi mbele ya kitambaa cha kijani. Hata hivyo, mara nyingi hurekebishika bila kuwaita waimbaji upya.

Kijani hupendelewa kwa sababu kihisi cha kamera nyingi za dijitali hutenga nusu ya vipokea-mwanga vyake kwa rangi hiyo. Programu ya kuhariri huifuta ili mandhari nyingine iwekwe.

Lakini kompyuta haimtambui mtu. Hutambua rangi tu. Mwimbaji akivaa skafu ya bendera ya Kenya, nyeusi, nyekundu na nyeupe husalia, ilhali kijani hutoweka. Nguo nyeupe nayo huweza kufifia, kwani huakisi mwanga wa kitambaa.

Kwanza, mhariri aitazame ramani ya uwazi. Humo, nyeupe ni kinachobaki, nyeusi ni kinachofutwa, na kijivu ni kile kinachopenyeza mandhari ya nyuma. Madoa ya kijivu mwilini ndiyo chanzo cha kasoro.

Pili, apandishe weupe wa ramani hiyo kidogo kidogo hadi madoa yaishe. Akizidisha, nywele hupotea na ukingo wa mwili huwa kama karatasi iliyokatwa kwa makasi.

Doa likikaidi, kama lile la skafu, achore umbo ndani ya mwili, mbali kidogo na ukingo, na kuiamuru programu isifute chochote humo. Umbo hilo sharti limfuate mwimbaji kila anaposogea. Uondoaji wa mwanga wa kijani pia uzimwe ndani ya umbo, la sivyo skafu itageuka kijivu.

Kazi hiyo hupungua iwapo mwimbaji atasimama takriban mita 2 mbele ya kitambaa, nacho kimulikwe sawasawa kwa taa zake chenyewe.

Na ikiwa sare ya kwaya ni ya kijani, studio itandike kitambaa cha buluu kabla ya kamera kuwashwa. Kubadilisha kitambaa ni rahisi kuliko kuwachangisha waumini mara ya pili.