HEDIFONI ILIPOMFUNGIA BABU CHUNGUNI!

Hapa kwetu Sumbawanga, mji ambao jina lake hufasiriwa kuwa 'tupa uchawi', kitu kikigoma mtu huanza kwa kumtafuta mbaya wake. Nami nilikuwa mbioni kumtafuta wangu, kumbe mbaya nilimvaa masikioni!

Ndugu yenu hujipatia ugali kwa kusafisha sauti za video za harusi. Juzi nikaletewa harusi moja ya Laela. Ndani yake babu wa bibi harusi anatoa nasaha kwa Kifipa. Hedifoni yangu isiyo na waya ilikuwa inatoa sauti safi, mara umeme paa! Uliporudi nikawasha kompyuta ya mezani, hedifoni ikajiunga yenyewe. Loo! Babu akawa anakoroma kama yuko kwenye simu mbovu. Nikadhani rekodi ni kimeo. Nikakata mikwaruzo, nikajaza besi, nikalala saa nane usiku.

Asubuhi bibi harusi akasikiliza kwenye spika kubwa. Akaniangalia. "Dogo, mbona babu umemfungia chunguni? Tumemzika wiki mbili zilizopita. Sauti tuliyobaki nayo ndiyo hiyo."

Pamoja na baridi yetu ya Ufipa, jasho lilinitoka.

Kisa chenyewe ni hiki. Hedifoni ya Bluetooth ina njia mbili. Moja ni ya muziki: sauti nzuri, kushoto na kulia, lakini maiki imelala. Nyingine ni ya simu: maiki iko macho, ila sauti hubanwa na kuwa ya mkondo mmoja. Programu yangu ya mikutano hujifungua kila kompyuta inapowaka. Ikashika maiki, hedifoni ikahamia njia ya simu. Mimi nikamtibu babu mzima, mgonjwa ni hedifoni!

Sasa wewe usiumbuke. Hedifoni ikijiunga upya, fungua mipangilio ya sauti kabla ya kugusa kazi. Windows 10 huonyesha majina mawili ya hedifoni hiyo hiyo: chagua lenye neno 'Stereo'. Funga programu zinazoshika maiki, au tumia maiki ya waya. Usikimbilie kuifuta hedifoni kwenye orodha na kuiunganisha upya, maana mipangilio yake inaweza kwenda nayo. Kama yako inatumia kidude cha USB, kichomeke tundu lile lile, la sivyo kompyuta inaweza kuiona ngeni. Na punguza sauti kwanza ndipo uvae, isije ikakulipukia sikioni.

Bahati yangu, rekodi ya awali ilikuwa bado kwenye kadi ya kamera. Nilirudia kazi bure. Bibi harusi alipomsikia babu yake akicheka katikati ya nasaha, alilia, kisha naye akacheka.

Kadi ya mteja usiifute mapema, mshikaji. Kazi kwako!