Nyiragongo: Mtoto asiyejua kusoma si lazima awe mvivu

Katika madarasa ya Kanyaruchinya, teritware ya Nyiragongo, kaskazini mwa mji wa Goma, si rahisi kujua kwa nini mtoto hasomi. Wengi walikatishwa masomo zaidi ya mara moja: volkano ililipuka tarehe 22 Mei 2021, kisha mwaka wa 2022 vita vya M23 vikaleta hapo maelfu ya familia kutoka Rutshuru. Kambi zao zilibomolewa mwanzoni mwa mwaka wa 2025, wakahama tena.

Hapo ndipo mtoto mwenye ulemavu wa kujifunza anapofichika. Anaonekana sawa na wenzake waliokosa shule, lakini msaada anaohitaji ni tofauti.

Dalili zenyewe zinaonekana kwenye kaye. Mtoto anachanganya b na d, anaruka mistari, anakisia neno kwa kuona herufi ya kwanza, au anaandika neno moja kwa namna tatu kwenye ukurasa mmoja. Ukimuuliza kwa mdomo, anajibu vizuri. Hiyo huitwa disleksia. Mwingine anashika kalamu kwa nguvu na hamalizi kunakili yaliyo ubaoni. Mwingine bado anachanganya 12 na 21, na akitumwa dukani hajui arudishiwe franka ngapi.

Dalili moja haitoshi. Kugeuza herufi ni kawaida kwa mtoto anayeanza shule. Mwalimu na mzazi wajiulize kwanza mambo manne.

Je, anaona na kusikia vizuri? Akaletwe mbele, na apimwe kwenye kituo cha afya.

Je, shida ni lugha? Watoto wengi kutoka Rutshuru huongea Kinyarwanda au Kinande nyumbani, wakakuta Kiswahili na Kifaransa shuleni. Anayekwama kwa Kifaransa tu huenda hajazoea lugha hiyo.

Je, alisoma vizuri kabla ya kukimbia? Kama ndiyo, huenda ni hofu, njaa au kukosa usingizi.

Je, wenzake waliokosa shule pamoja naye wamekwisha kumfikia mwalimu? Kama wao wamesonga mbele baada ya miezi kadhaa ya masomo, naye amebaki palepale, hapo kuna jambo la kufuatilia.

Mwalimu si daktari, hatakiwi kumpa mtoto jina la ugonjwa. Aandike anayoyaona kwa wiki kadhaa, kisha azungumze na wazazi na mkurugenzi wa shule. Ulemavu huu si ujinga, si uchawi wala laana. Mara nyingi hutokea katika ukoo.

Tangu elimu ya msingi ya bure ianze kutekelezwa Septemba 2019, madarasa yamejaa. Hata hivyo kuna msaada usio na gharama: kumpa agizo moja kwa wakati, kumuongezea muda, kumuuliza kwa mdomo, kumhesabisha kwa maharagwe, kumchoresha silabi kwa kidole kwenye mchanga mweusi wa volkano. Kumpiga, au kumlazimisha kusoma mbele ya wanaomcheka, kunamfukuza shuleni. Kurudilia mwaka peke yake hakumponyi, kama anafundishwa vilevile.

Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu nchini Kongo. Lakini mtoto ambaye ulemavu wake hauonekani kwa macho, kwanza anahitaji mtu mzima wa kuutambua.