Mikono ya Vijana wa Bautzen (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulimwacha Dominique-Jean Larrey, daktari mkuu wa upasuaji katika jeshi la Napoleon, na vile vigari vyake vyepesi vya farasi vilivyookota majeruhi risasi zikiwa bado zinalia. Kabla yake, majeruhi alilala uwanjani hadi vita vitulie. Larrey alisisitiza pia kwamba aliyeumia zaidi ndiye wa kwanza kutibiwa, awe jenerali au mpiga ngoma, Mfaransa au adui. Muuguzi wa chumba cha dharura anayempitisha mgonjwa anayevuja damu mbele ya mheshimiwa aliyeteguka kifundo anafuata kanuni hiyo hiyo.

Leo natua kwenye kisa kimoja. Mei 1813, baada ya mapigano ya Lützen na Bautzen huko Saxony, Ujerumani, vijana zaidi ya elfu mbili walionekana na majeraha ya vidole na viganja. Wengi wao walikuwa wameingizwa jeshini karibuni tu, kwa lazima, baada ya jeshi la zamani kuteketea Urusi. Wakubwa wa jeshi wakamwambia Napoleon: hawa wamejipiga risasi wenyewe ili wakwepe vita. Kosa hilo lilikuwa la kifo. Kaisari akaamuru uchunguzi, Larrey akawekwa mwenyekiti.

Angeweza kutia saini kile walichotaka kukisikia, akalala salama. Yeye alikaa Dresden na madaktari wenzake, wakakagua mkono mmoja baada ya mwingine. Risasi imeingilia wapi? Imetokea wapi? Kijana huyu alikuwa safu ya ngapi? Polepole mambo yakajipanga. Jeshi lilipiga kwa safu tatu, wa mbele wamepiga goti, na vijana hawa hawakuwa wamefundishwa wakaiva. Wa nyuma walifyatua ovyo, risasi zikapita kwenye mikono ya wenzao walioinua bunduki. Tena walikuwa wakipanda mlima, adui yuko juu yao. Larrey akaripoti kwamba hakuna hata mmoja aliyeweza kuthibitishwa kuwa amejijeruhi. Napoleon akaikubali ripoti, akamtunuku.

Mimi kisa hiki kinanigusa kwa sababu silaha yote ya Larrey ilikuwa kutazama kidonda kwa subira na kuandika alichokiona. Daktari wa Tanzania anayejaza PF3, ile fomu ya polisi ambayo huweza kuishia mezani kwa hakimu, ameshika kalamu ya namna hiyo. Neno moja lililoandikwa kwa haraka kuhusu jeraha laweza kumfunga asiye na hatia, au kumwacha aliyeumizwa bila ushahidi. Nawaomba madaktari vijana wasiione fomu ile kama usumbufu wa zamu.

Juma lijalo tutamfuata Larrey hadi Waterloo, 1815, alikotekwa na Waprusia na kuponea chupuchupu kupigwa risasi, hadi daktari mmoja wa Kijerumani aliyewahi kuhudhuria mihadhara yake alipomtambua.